Keki za Deo wa Mikumi

Kila Krismasi Deogratias alifika kwao Chanzuru na keki. Aliitoa Mikumi, akapita nayo vijiji vya Ulaya na Zombo ameipakata kwenye boksi njia nzima, na akishuka Kilosa mjini hakukubali mwendesha bodaboda aifunge nyuma ya pikipiki. Aliishika mwenyewe mpaka mlangoni. Mama yake, Agnesi, aliifungulia mezani mbele ya majirani, akawaonyesha jinsi ilivyoumuka sawasawa pande zote, na kila mwaka alisema maneno yale yale: mwanangu kaipika kwa mikono yake, huko loji anawapikia wageni wanaokuja kuangalia wanyama.

Haikuwa kweli. Deo alikuwa dobi. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka, mataulo na foronya za loji moja iliyo nje kidogo ya mji wa Mikumi, kuvianika, kuvipiga pasi na kuvikunja. Jikoni aliingia kwa mlango wa nyuma kuchukua vitambaa vya meza vilivyochafuka, kisha akatoka. Keki alinunua kwa Joha, mwanamke aliyekuwa akioka nyumbani kwake karibu na barabara kuu na kuuza barazani kwenye kabati la vioo. Kila mwaka Joha alimuuliza aandike jina gani juu ya keki, na kila mwaka Deo alimjibu asiandike kitu.

Uongo huu ulianza wakati baba yake alipokuwa mgonjwa. Mzee alikuwa amempeleka Deo chuo cha hoteli Morogoro, akiwa na hakika kwamba atatoka huko mpishi. Lakini mapishi yalimshinda Deo. Alisahau vipimo, aliunguza michuzi, na mwalimu alizoea kumsimamisha mbele ya wenzake na kuwaonjesha alichopika ili wacheke. Likizo ya kwanza ilipoisha hakurudi chuoni. Alimfuata rafiki yake Mikumi, akapata nafasi ya kufua, akanyamaza. Baba alipompigia simu kutoka kitandani akamuuliza kazi gani amepata, Deo alisema yuko jikoni. Mzee akataka kujua anapika nini hasa. Wakati ule ule mhudumu alikuwa anapita na sinia la keki za chai ya jioni, na Deo akasema keki. Alimsikia baba yake akimgeukia mama yake na kumwambia kwa sauti dhaifu yenye furaha, "Ni wa keki."

Mzee alifariki miezi michache baadaye akiamini hivyo. Matanga yalipoisha, Deo hakupata pa kuanzia kusema ukweli. Krismasi ya mwaka ule mama yake aliomba aonje walau kipande kimoja cha hicho anachokipika, na Deo akaenda kwa Joha.

Mwaka ambao mambo yaliharibika, Agnesi alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ya kanisa, Jumuiya ya Mtakatifu Anna. Kila Krismasi, baada ya misa, wanajumuiya walikula pamoja nje ya kanisa la kigango: pilau, maandazi, visheti, soda, na biskuti za watoto zilizonunuliwa madukani Kilosa. Wanawake walikuwa wameanza kuzichoka biskuti zile. Zilifika zimevunjika na nusu ya watoto wakaambulia unga wake. Katika kikao cha Desemba Agnesi alisimama akasema kwamba safari hii hawatanunua. Mwanawe atakuja, na siku ya mkesha atawafundisha wote kuoka keki kwa jiko la mkaa, ili kila mama aweze kumpikia mwanawe nyumbani. Walimpigia makofi. Hakumwambia Deo kwenye simu, kwa sababu alitaka akute kila kitu tayari na afurahi.

Kwa hiyo Deo aliamka asubuhi ya tarehe ishirini na nne, akatoka nje na mswaki mdomoni, akakuta ua umejaa wanawake. Walikuwa na unga wa ngano, sukari, siagi, maziwa, majiko mawili yaliyokwisha kuwashwa, masufuria, na beseni la mayai. Mayai yale kila mmoja alikuwa ameyatoa kwake. Mengi zaidi yalikuwa ya Devota.

Devota alikuwa mjane, mtu mzima kuliko Deo kwa miaka mingi, mwenyeji wa Kidete. Mto Mkondoa ulipofurika na kuichukua nyumba yake alikuja Chanzuru na wanawe bila kitu, na Agnesi ndiye aliyempokea. Walilala sebuleni kwake masika nzima, mpaka jumuiya ilipomsaidia kusimamisha kibanda chake upande wa pili wa njia. Asubuhi ile Devota alieleza, kwa kujichekea, kwamba mayai yake ameyatoa chini ya kuku aliyekwisha kuanza kuyaatamia jana yake. Kuku amemdonoa mkono. Wenzake walimtania kwamba kuku huyo hatamsamehe.

Deo alisimama pale akiwaamkia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo. Angeweza kusema wakati ule. Angeweza hata kusema anaumwa. Lakini mama yake alitoka ndani na kitambaa cheupe kipya, akamzungushia kiunoni na kumfunga kwa nyuma. Deo akaomba aende chooni kwanza. Huko alitoa simu akatafuta video ya namna ya kuoka keki. Mtandao ulikuwa hafifu, video ikawa inazunguka tu bila kufunguka, na nje alisikia wanawake wakiulizana kama mtaalamu kakimbia. Akarudi.

Alianza kwa kukumbuka vipande vipande vya alichokiona chuoni. Waliomuuliza kilo moja inataka mayai mangapi aliwaambia mpishi mzoefu hapimi, anaangalia. Walileta pakiti ya hamira na kopo la bekin pauda, wakamuuliza inayotakiwa ni ipi. Deo hakuwa na hakika. Akaweka zote mbili, kwa wingi, akasema moja inaumua na nyingine inalainisha, na akawasikia wakirudia maneno hayo kwa sauti ya chini ili wasisahau. Hilo lilimwuma kuliko yote ya asubuhi ile, jinsi walivyomwamini. Wakakoroga kwa zamu mpaka mikono ikachoka. Unga wote, mayai yote, vikaenda kwenye sufuria mbili.

Moto alipewa Devota. Sufuria ya keki ilikaa ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, ikafunikwa, na juu ya mfuniko yakapangwa makaa. Devota aliyapanga kwa koleo, kidogo kidogo, akainama kusikiliza. Deo alikuja, akafunua, akaona bado ni majimaji, akafunika. Akafunua tena.

"Ongeza mkaa juu," alimwambia.

"Juu pametosha, mwanangu," Devota alisema. "Tukiongeza pataungua."

"Ongeza, mama. Keki inataka moto."

Wanawake wengine walikuwa upande wa pili wa ua wakiosha mabeseni na hawakusikia, lakini ilikuwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Devota akaongeza. Baadaye Deo akamwambia aongeze na chini, na chini pia akaongeza.

Harufu ilianza kabla moshi haujaonekana. Walipoondoa mfuniko juu palikuwa peusi. Walipopindua sufuria kwenye sinia chini palikuwa peusi vile vile, na katikati ukatoka uji wa njano ukasambaa na kudondoka mchangani. Sufuria ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Agnesi alimwangalia mwanawe, na usoni mwake hapakuwa na hasira, wala mashaka. Alikuwa anasubiri aambiwe kwamba hivyo ndivyo inavyoanza, kwamba kuna hatua nyingine bado.

Deo akasema, "Ni moto. Nilimwambia huyu mama asijaze makaa, hasikii."

Devota alikuwa bado ameshika koleo. Alimtazama Deo. Kisha akamtazama Agnesi, kwa muda mrefu kidogo, halafu akaangalia chini.

"Samahani jamani," alisema. "Makaa niliyazidisha mimi."

Maneno yakaanza. Mmoja akasema mayai yote yale, mwingine akasema sukari ilivyo adimu siku hizi, wa tatu akasema kazi ya moto haifai kupewa mtu asiyeelewa anachoambiwa. Hakuna aliyepiga kelele. Agnesi mwenyewe alisema tu, kwa upole, "Devota, si ungeuliza?" na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. Devota akaomba apewe masufuria akayasugue kwake. Akayabeba yote mawili, moja ndani ya lingine, akavuka njia bila kugeuka nyuma.

Agnesi aliwaambia waliobaki wasikate tamaa, kwa bahati Deo amekuja na keki yake, itatosha kila mtu kuonja. Deo akafungua kitambaa kiunoni. Kilikuwa hakina doa.

Siku ya Krismasi padri alikuja, misa ikasomwa, watoto walivaa nguo mpya. Devota alikaa benchi la nyuma kabisa na wanawe. Baada ya baraka ya mwisho aliacha beseni la visheti alivyopika nyumbani, akaondoka kabla watu hawajapanga mikeka. Keki ya Joha ilikatwa vipande vidogo sana na kupitishwa kwenye sahani, na waliokula walifumba macho. Stefano, katekista wa kigango, mtu mcheshi aliyependwa na wote, alisimama na kipande chake mkononi akasema mwakani watarudia darasa, ila mama wa Kidete apewe kazi ya kuchota maji. Watu walicheka sana. Agnesi naye akacheka. Deo alikuwa na kipande mdomoni na hakikupita. Alikitoa kwa leso, akakifunga, akakaa nacho mfukoni mpaka sherehe ilipoisha.

Alasiri alivuka njia kwenda kwa Devota. Alikuwa amejiambia atamwomba radhi kwa lugha ya kuzunguka, kwamba jana walichanganyikiwa wote, kwamba kazi ya moto ni ngumu. Alimkuta nyuma ya nyumba kwenye jiko la mafiga, anakoroga shira ya visheti vya mwisho kwa ajili ya wanawe. Masufuria ya Agnesi yalikuwa chini karibu naye, yamejazwa maji na majivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, Krismasi njema."

Alimpa kigoda, akamwekea visheti kwenye bakuli. Deo hakugusa. Lugha ya kuzunguka ilimpotea. Alisema anajua kwamba Devota aliongeza mkaa kwa kuamriwa, na kwamba yeye alimsingizia.

"Moto naujua," Devota alisema, mkono haukuacha kukoroga. "Nimepika kwa mkaa tangu mtoto. Nilijua ni wewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Mama yako alikuwa amesimama pale." Alimimina visheti kwenye shira akavigeuza taratibu. "Nimelala sebuleni kwake masika nzima na wanangu, na hakuna siku aliyonifanya nijione mgeni. Nimwambie mbele ya wale wanawake kwamba mwanawe hajui kupika?"

Deo angeweza kuondoka hapo, maana alikwisha kusamehewa au alikwisha kupewa kitu kinachofanana na msamaha. Badala yake akasema yaliyobaki. Alisema kuhusu chuo, kuhusu mashuka, kuhusu baba yake na lile sinia lililokuwa linapita. Hayo Devota hakuyajua. Mwiko ulisimama.

"Na keki?"

"Nanunua."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Hakucheka, ingawa Deo alitamani acheke. Alitoa visheti kwenye shira, akavitandaza kwenye sinia, akavitenganisha kimoja kimoja visigandane. Ndipo akasema, "Mimi sitamwambia mtu. Lakini usidhani kwamba ukishaniambia mimi, umesema."

Kuku walikuwa wanaingia bandani Deo aliporudi nyumbani. Mama yake alikuwa jikoni anahamishia pilau iliyobaki kwenye chombo. Deo alimwambia yote akiwa amesimama mlangoni, maana kukaa aliona hawezi. Agnesi hakukatiza. Alimaliza pilau, akafunika, akapangusa mikono, na swali lake lilikuwa moja tu.

"Baba yako alijua?"

"Hapana. Alikufa anajua niko jikoni."

"Basi na wengine wabaki wanajua hivyo."

"Na Devota?"

"Devota ni mtu wetu. Nitampelekea unga na mafuta. Atasahau." Kisha sauti yake ikapungua. "Mimi ni mwenyekiti wao, Deo. Usinivue nguo mbele za watu."

Deo alisema sawa. Alihisi nafuu, nafuu kubwa, na kabla hajafika chumbani kwake ile nafuu ikawa imeshamchefua. Alijiona mtu mwenye bahati kwa gharama ya mjane aliyekuwa anasugua masufuria ng'ambo ya njia.

Kesho yake wanajumuiya walikusanyika kwa Agnesi kurudisha vyombo vya watu na kumaliza chai na maandazi yaliyobaki. Stefano alikuwepo, amekuja kuchukua turubai la kigango. Devota alikuja wa mwisho. Alikuwa amebeba masufuria mawili kichwani, na alipoyatua chini yaling'aa ndani na nje. Alikuwa ameyasugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa magunzi, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimechubuka. Alipiga goti kidogo mbele ya Agnesi, kama anavyofanya mtu kwa aliyemzidi, ingawa umri wao haukupishana sana.

"Mwenyekiti, hili dogo limenishinda kidogo hapa chini," alisema, akimwonyesha alama ya kahawia isiyozidi ukucha. "Naomba uniwie radhi. Na kwa mayai ya watu pia, naomba mniwie radhi tena."

Agnesi alipokea sufuria. Aliipindua akaangalia ile alama, akaigusa kwa kidole gumba. Wanawake walikuwa wanaendelea kuongea na kunywa chai, wengine hata hawakusikia. Agnesi alibaki ameshika sufuria ile, na midomo yake ikawa inacheza kama anatafuna kitu. Kisha akasema, bila kuinua uso:

"Deo. Sema."

Deo alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Alisimama. Waliosikia waliwanyamazisha wenzao. Baadaye, alipojaribu kukumbuka siku ile, alikumbuka zaidi jinsi Stefano alivyokuwa ameshika kikombe karibu na mdomo bila kunywa.

"Mkaa nilimwambia mimi aongeze," alisema. "Alinikataza. Nikamlazimisha, kisha nikamsingizia." Alivuta pumzi. "Na mimi si mpishi. Huko Mikumi nafua mashuka. Keki zote nilizowaletea nilinunua."

Mwanamke mmoja alicheka, akaona hakuna anayecheka, akaacha. Mwingine, jirani wa miaka mingi aliyekuwa amemlea Deo utotoni, alimuuliza taratibu kama na ile ya mwaka waliomzika mzee. Deo akasema na ile pia. Yule mama akatikisa kichwa, akaweka kikombe chake chini, akasema ile ndiyo aliyompelekea mama yake mzazi kipande, akamwambia ni mkono wa Deo. Alisema bila ukali, na Deo aliona afadhali angemtukana.

Stefano aliweka kikombe. Alisema kwamba yeye jana amemtania Devota mbele ya kanisa zima, na Jumapili atamwomba radhi mbele ya kanisa zima. Alimwambia hivyo Devota mwenyewe, si wengine. Wanawake nao wakaanza kumsogelea mmoja mmoja, wa sukari, wa mayai, na yule aliyesema kazi ya moto haifai kupewa asiyeelewa. Devota alikuwa hajui pa kuweka mikono yake. Alikuwa anasema yameisha, yameisha jamani, akitafuta njia ya kutoka. Agnesi aliingia ndani na sufuria yake, akafunga mlango, na hakutoka tena mpaka wageni walipoondoka.

Hakumtupia Deo neno lolote baya, wakati ule wala siku iliyofuata alipokuwa anafunga begi. Alimwekea maandazi ya njiani kwenye mfuko, kama kawaida. Lakini siku zote alikuwa akimsindikiza mpaka barabarani na kusimama pale hadi pikipiki iishe machoni, na safari hii aliagana naye mlangoni. Kwenye vibanda vya Chanzuru vijana walikuwa tayari wameshampa jina la utani. Pikipiki ilipopita mmoja alipaza sauti kumuuliza kama keki imeiva. Dereva akacheka, kisha akaomba samahani.

Mikumi napo yalimsubiri. Joha alimwona anapita akamwita barazani kumuuliza kama keki ilifika salama na kama walioila waliipenda. Deo hakuwa na nguvu tena ya kutunga. Alimweleza. Joha alimsikiliza huku anafuta vioo vya kabati, na uso wake ukazidi kukaza.

"Kwa hiyo huko kwenu keki zangu zinasifiwa miaka yote," alisema, "na hakuna anayejua kama mimi nipo."

Deo alikuwa amefikiria mama yake, Devota, marehemu baba yake, hata wale wanawake wa mayai. Huyu hakuwa amemfikiria hata siku moja. Aliomba radhi na hata sauti yake mwenyewe ilimchosha, kwa vile alikuwa ameyatamka maneno yale mara nyingi wiki ile. Joha alisema haya, amesikia, akaingia ndani. Tangu siku hiyo Deo alipita upande wa pili wa barabara.

Alifua. Masika ilianza, mashuka hayakukauka kwa wakati, wakawa wanakausha kwa pasi mpaka mikono inawaka. Hakumpigia mama yake simu. Kila alipoitoa mfukoni alimkumbuka akigusa ile alama kwa kidole gumba, akairudisha. Siku moja ya mvua, karibu na Pasaka, mama yake alipiga mwenyewe. Aliuliza hali, akaeleza kwamba mahindi yamesimama vizuri, kwamba Devota anamsalimia.

"Hayo mashuka," Agnesi alisema, "mnafua kwa mashine au kwa mikono?"

Deo akamweleza. Makubwa kwa mashine, vitambaa vya meza kwa mikono. Mama akauliza wanaamka saa ngapi, na kama anapewa buti za kuvaa majini, na nani anawapikia wao. Yalikuwa maswali ambayo mama humuuliza mtoto mwanzo wa kazi, na Deo alikuwa kwenye kazi ile miaka mingi. Alijibu kila moja. Simu ilipokatika alikaa juu ya rundo la mataulo machafu akalia, akiwa amegeukia ukuta ili wenzake wasimwone.

Pasaka alienda nyumbani akiwa na mtetea na vifaranga vyake kwenye tenga, akavipeleka kwa Devota. Devota alisita, kisha akapokea. Alimkaribisha chakula, akala. Hawakuzungumzia chochote cha Krismasi, na Deo aliona kwamba pamoja na ukarimu ule yeye bado anapata taabu ya kumtazama Devota usoni. Huenda taabu hiyo haikumtoka kabisa.

Krismasi iliyofuata alifika Chanzuru bila boksi. Pale Kilosa mjini, kabla ya kupanda bodaboda, alikuwa ameingia dukani akanunua biskuti, za pakiti, zile zile ambazo jumuiya ilikuwa imezichoka. Alifikiria sana kabla ya kuzinunua. Mikono mitupu aliona ni kukimbia, na keki asingeweza hata kuigusa. Mama yake alizipokea mlangoni kwa mikono miwili. Wanawake wawili watatu walikuwepo, wamekaa na Devota wanachambua mchele wa kesho, na Deo aliona wanavyotazama mfuko, kisha wanavyojilazimisha kutazama mchele.

Agnesi akaleta sahani. Hakwenda nayo ndani kuzipanga kwanza, kama alivyozoea kupanga vitu vya wageni. Alichana pakiti pale pale mbele yao, akazimwaga, zima na zilizovunjika.

"Karibuni," alisema. "Ni za dukani. Kazileta mwanangu, anafua mashuka Mikumi."

Deo aliangalia chini. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni. Devota alinyoosha mkono, akachukua biskuti moja, akaichovya kwenye chai.